Chumba cha mazoezi cha Street Fighter 6: kinakuonyesha kombo inakatikia wapi

Kombo ngumu, yaani mlolongo wa mapigo ambao mpinzani hawezi kuukinga katikati, haikubali kwa sababu tu umeirudia mara mia tatu. Ikikatika, tatizo la wakati ni moja kati ya mawili: umewahi au umechelewa. Kwa macho, makosa hayo mawili yanafanana kabisa, maana mpinzani anakinga pigo la tatu na basi. Mchezaji anayewahi akidhani anachelewa huongeza kasi, na kila jioni ya mazoezi inazidi kulikomaza kosa lenyewe. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kusema vidole vyao havifai, wakati vidole havina tatizo. Walichokosa ni taarifa.

Street Fighter 6, gemu ya mapigano ya Capcom iliyotoka Juni 2, 2023, ina chumba cha mazoezi kinachotoa taarifa hiyo. Tathmini hii inahusu chumba hicho peke yake: kinafanya nini vizuri, kinaangusha wapi, na kiwekwe vipi ili kimsaidie mtu aliyekwama.

Gemu inakwenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Kila pigo lina sehemu tatu: fremu za kuanza, fremu za kugonga, na fremu za kurudi, ambazo mwilini zinaonekana kama mkono unaorudishwa. Aliyegongwa naye anabaki na fremu za butwaa, na humo hawezi kukinga. Kombo ni kumgonga tena kabla butwaa haijaisha. Chini ya skrini, ukiwasha Frame Meter, unapata mistari miwili ya visanduku, mmoja wako na mwingine wa mpinzani, kila kisanduku fremu moja: kijani ni kuanza, nyekundu ni kugonga, buluu ni kurudi, na njano ni butwaa. Juu yake kuna tarakimu: pigo limeanza kwa fremu ngapi, na limekuacha na faida au hasara ya fremu ngapi, yaani unaweza kutenda tena mapema au baadaye kiasi gani kuliko mpinzani.

Kabla ya kuusoma mstari huo, tofautisha njia mbili za kuunganisha mapigo, kwa sababu wengi hukwama kwa kuzichanganya. Njia ya kwanza ni kukatiza. Pigo la kawaida likigusa, unaingiza mara moja amri ya pigo maalumu (lile linalotolewa kwa mwelekeo na kitufe pamoja), na gemu inazikata fremu za kurudi. Hapa inatakiwa haraka: amri iwe imekamilika karibu na mguso wenyewe, si baada ya mkono kurudi. Njia ya pili ni kuunga. Unaliacha pigo la kwanza lirudi hadi mwisho, kisha unatoa pigo jingine la kawaida wakati mpinzani bado yuko kwenye butwaa. Hapa inatakiwa subira. Kombo nyingi ngumu zina kuunga, kisha kukatiza, kisha kuunga tena, na mkono uliozoea mwendo mmoja unaubeba mpaka mwisho. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa kila kipande kikamilifu akiwa nacho peke yake, na bado jumla yake ikamshinda.

Hesabu ya kuunga ni nyepesi. Chukua faida ya pigo la kwanza likigonga na uilinganishe na fremu za kuanza za pigo linalofuata. Faida ikiwa sawa au kubwa zaidi, yanaungana. Faida ya 5 na pigo linaloanza kwa fremu 5 inakuachia fremu moja tu ya kutokea. Pigo linaloanza kwa fremu 4 linakuachia 2. Gemu pia hukumbuka kitufe kilichobonyezwa hadi fremu 4 kabla ya muda wake na kukitekeleza nafasi ikifika. Kwa hiyo hata kuunga kugumu kabisa kunakupa fremu 5 za kubonyeza, kama milisekunde 83, na ile ya fremu 2 inakuwa 6, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hilo linabadilisha ushauri mzima: unaruhusiwa kuwahi kidogo, lakini kuchelewa hata fremu moja kupita mwisho hakusamehewi. Ukishajua hivyo, lenga kubonyeza nywele moja kabla ya mkono kumaliza kurudi, si pale unapouona umesharudi. Jicho likishaona, kidole kimechelewa.

Sasa usomaji, na hii ndiyo sehemu inayoifanya Frame Meter kuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote humu. Iwashe pamoja na orodha ya vitufe vilivyobonyezwa, ile inayojipanga pembeni mwa skrini na kuonyesha kila amri ilishikwa kwa fremu ngapi. Kombo ikikatika, angalia vyote viwili. Kitufe kikionekana kwenye orodha lakini pigo lenyewe halikuchorwa kwenye mstari wako, umewahi mno: gemu ilikipokea wakati bado unarudi, nje ya zile fremu 4, ikakitupa. Pigo likichorwa lakini kwenye mstari wa mpinzani kuna visanduku vitupu kati ya njano ya kwanza na pigo lako, umechelewa, na idadi ya visanduku hivyo ndiyo idadi ya fremu ulizochelewa. Njano ikiwa haijakatika na pigo lako likapita hewani bila kugusa, wakati ulikuwa sawa. Kilichokosekana ni umbali. Makosa matatu, dawa tatu tofauti kabisa, na kwa macho matupu yote ni "imekatika".

Kosa la tatu, la umbali, husahaulika sana. Kila pigo linalogusa humsukuma mpinzani nyuma. Kombo inayoanza na ngumi mbili nyepesi ukiwa umemganda inaweza kukubali teke la kati mwishoni. Ukianza hatua moja nyuma, teke lile lile linaishia hewani. Kwa hiyo usianzie mazoezi katikati ya uwanja mahali popote. Anza kwa kuruka na kugonga, au kwa kumsogelea hadi mguse, kisha urudie kwa kuanzia ncha ya pigo la kwanza. Kama inakubali karibu tu, andika hivyo pembeni ya jina lake: ni kombo ya karibu tu, na kwenye mechi utaitumia pale tu alipokosea mbele ya pua yako.

Mpangilio wa chumba unaweza kukudanganya, na hapa Capcom wangeweza kufanya vizuri zaidi, kwani hakuna onyo lolote. Jambo la kwanza ni namna mpinzani bandia anavyokinga. Akiwekwa asikinge kabisa, atagongwa hata kwa pigo lililochelewa, na ukiwa unatazama mkono wako badala ya kihesabio cha mapigo, utadhani umefanikiwa. Mweke akinge baada ya pigo la kwanza. Hapo kombo ikikatika anainua mikono papo hapo na unajua. La pili ni mpangilio wa pigo la kushtukiza. Katika gemu hii, ukimgonga mtu wakati pigo lake linaanza unaongezewa fremu 2 za faida, na ukimgonga wakati anarudi, ile inayoitwa Punish Counter, unaongezewa fremu 4. Mpangilio huo ukiachwa umewashwa, utajifunza kombo isiyowezekana kwa pigo la kawaida, kisha utaipeleka kwenye mechi na kuilaumu mikono yako. Uzime. Uwashe tu unapofanya mazoezi ya kombo za kuadhibu, na ujue ndizo unazofanya.

La tatu ni mita ya Drive, akiba ya nguvu inayolipia mbinu za ziada, ikiwekwa isiishe. Ni nzuri kwa dakika kumi za kujifunza mpangilio wa vitufe, baada ya hapo ni sumu. Mita ina vipande 6. Pigo maalumu la Overdrive, lile lililoongezwa nguvu, linakula 2, na kukatiza pigo kwa Drive Rush, mkimbio wa ghafla kwenda mbele, kunakula 3. Kombo yenye Drive Rush mbili imemaliza akiba nzima na kukuingiza kwenye Burnout, hali ambayo huna tena njia za Drive mpaka mita ijae upya. Weka mita ijazwe kwa mwendo wa kawaida ili uone kombo inakuacha na nini mkononi.

Drive Rush inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo inayozalisha malalamiko mengi. Kila pigo la kawaida linalotoka ndani yake linaongezewa fremu 4 za faida, na hapo kombo zisizokuwapo zinapatikana: pigo lenye faida ya 1 likitoka humo linakuwa na 5, na sasa linaungana na ngumi nyepesi. Inapoharibika ni kwenye amri. Wengi huitoa kwa kubonyeza mbele mara mbili, kisha wakitaka kumalizia kwa Hadoken, mpira wa nishati unaotoka kwa robo duara kutoka chini kwenda mbele pamoja na ngumi, wanatoa Shoryuken, ngumi ya kupaa juu. Gemu haijakosea. Shoryuken inasomwa kama mbele, chini, chini-mbele. Wewe umeacha "mbele" ya Drive Rush kwenye kumbukumbu, kisha ukaongeza chini na chini-mbele. Orodha ya vitufe itakuonyesha hilo waziwazi ukiisoma kuanzia chini. Dawa ni kuacha kutumia mbele mbele na kukatiza kwa amri ya Drive Parry, ile ya kukinga kwa Drive, yaani ngumi ya kati na teke la kati kwa pamoja, au kitufe kimoja ulichokipangia kazi hiyo, huku kijiti kikiwa katikati. "Mbele" inatoweka, na tatizo linatoweka nayo. Mabadiliko haya yana faida kuliko saa kumi za kurudia.

Kosa jingine la kijiti ni kona zinazokosekana. Robo duara inahitaji chini, chini-mbele, mbele. Kwa haraka, kidole gumba kwenye pedi huruka kutoka chini hadi mbele bila kupita kona, na pigo maalumu halitoki. Kwenye orodha utaona mshale wa chini, kisha wa mbele, bila mshale wa mshazari kati yao. Usikandamize zaidi; kukandamiza ndiko kunakoufanya mkono uruke. Punguza nguvu, uviringishe kidole bila kukinyanyua, na bonyeza ngumi pamoja na mshale wa mwisho, si baada yake.

Sasa upande unaoangusha. Combo Trials, majaribio ya kombo yaliyopangwa kwa kila mhusika katika ngazi tatu za ugumu, yanavutia na yamepambwa vizuri. Unaweza kutazama mfano unaojicheza wenyewe, na huo mfano ni wa thamani kwa sababu unasikia mdundo. Sikiliza sauti za mapigo macho yakiwa yamefungwa, kisha ugonge meza kwa mwendo huo kabla ya kugusa pedi. Kombo ni mdundo kabla haijawa vidole. Lakini kama shule, majaribio hayo yana dosari kubwa: ukikosea pigo la saba unaanza tena pigo la kwanza. Matokeo yake, mapigo mepesi ya mwanzo unayafanya mara mia mbili na lile gumu mara ishirini. Ni kinyume cha mazoezi yanavyotakiwa kuwa. Juu ya hilo, ngazi ya juu imejaa kombo za maonyesho zinazokula mita yote ya Drive na ile ya Super, mapigo makubwa kabisa ya mhusika, kwa wakati mmoja, au zinazokubali pembezoni mwa uwanja peke yake. Zipitie kwa kupata mawazo, kisha uondoke.

Rudi kwenye chumba cha kawaida na uivunje kombo kwa jozi. Tuseme ina mapigo manane. Tafuta jozi inayokatika, mathalani la nne na la tano, na ufanye hizo mbili tu, pigo la nne likiwa la kwanza. Ikikubali mara kumi mfululizo, ongeza la sita. Kisha rudi nyuma uongeze la tatu. Mwisho wa kombo uwe imara kabla ya mwanzo, ili kadiri unavyosonga mbele uwe unaelekea kwenye kitu unachokijua badala ya kuelekea kwenye hofu. Kitufe cha kurudisha nafasi kitumie kila mara: ukikibonyeza huku umeshika mwelekeo, unachagua uanzie katikati au pembeni. Badilisha upande baada ya kila mara kumi. Mchezaji anayefanya mazoezi upande wa kushoto peke yake ana nusu ya kombo, maana upande wa pili kidole gumba kinafanya kazi tofauti kabisa.

Na mara kumi mfululizo iwe kwa dakika kumi na tano au ishirini, si zaidi. Mkono ukichoka unaanza kubonyeza kwa nguvu na kuwahi, na Frame Meter itakuonyesha visanduku vikibadilika ingawa wewe huhisi tofauti yoyote. Acha hapo, urudi kesho.

Kuna swali ambalo chumba hiki kinalijibu vizuri ila watu hawaliulizi: kombo hiyo ina faida gani? Washa takwimu za mashambulizi. Zinaonyesha jumla ya maumivu na jinsi makali yanavyopungua kila pigo linapoongezeka, na Drive Rush ya katikati ya kombo hupunguza makali zaidi. Wahusika wengi wana uhai wa 10,000. Piga kombo yako rahisi, andika namba. Piga ile ngumu, andika namba. Mara nyingi utakuta mapigo matatu ya mwisho, yale yaliyokutesa wiki nzima, yameongeza mia mbili au tatu. Super zimewekewa kiwango cha chini cha makali, kwa hiyo kombo fupi inayokatizwa mapema na kuingia Super haiko nyuma sana ya kombo ndefu inayoishia kwa Super hiyo hiyo. Kama unaikosa ndefu mara moja kati ya tatu, fupi ndiyo sahihi kwako leo. Hiyo ni hesabu, si udhaifu.

Ila pale ugumu unapokuwa kiini cha mhusika, hakuna mkato. Luke ana Flash Knuckle, ngumi maalumu inayotaka ushike kitufe na kukiachia kwa wakati sahihi kabisa, na ukipatia inageuka pigo jingine lenye kufungua kombo zake nzuri. Guile lazima ashike nyuma kwa muda kabla ya Sonic Boom, pigo lake la kurusha, na toleo lake kamilifu linataka mbele na ngumi viingie papo kwa papo. Kwa wahusika hawa usitafute kombo kwanza. Fanya tendo hilo moja, peke yake, mpaka likubali bila kufikiri. Kama unaanza na hujamchagua mhusika, jua kwamba ugumu wa Luke na Guile uko kwenye mdundo wa kitufe, wakati Ryu na Ken wanafundisha kukatiza na kuunga kwa njia ya kawaida.

Vidhibiti vya Modern navyo vimeletwa kwa ajili ya watu waliokwama kwenye amri. Pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, na kitufe cha msaada kikishikwa pamoja na pigo hutoa kombo iliyopangwa tayari. Gharama yake ni kwamba pigo maalumu likitolewa kwa njia ya mkato linapoteza asilimia 20 ya makali, na baadhi ya mapigo ya kawaida hayapo. Linalosemwa mara chache ni kwamba Modern haiondoi kuunga. Inaondoa robo duara. Aliyeshindwa kwa sababu ya kijiti atapona. Aliyeshindwa kwa sababu ya subira atakatika pale pale. Soma Frame Meter kwanza, ndipo uamue kama unabadilisha.

Kwa kulinganisha kwa ufupi: Tekken 8 ya Bandai Namco, ya Januari 26, 2024, ilitoka ikiwa mbele kwenye kurudia mechi, maana unaweza kusimamisha marudio ya pambano lako na kuchukua udhibiti ujaribu jibu jingine. Kombo zake za kumpiga mtu akiwa angani zinakatika kwa sababu ya urefu aliofika na hatua za kumkimbilia, kwa hiyo mahesabu hapo juu hayahami yote. Guilty Gear Strive ya Arc System Works ina chombo cha kutunga majaribio ya kombo yako mwenyewe, jambo ambalo Street Fighter 6 ingelihitaji sana.

Kabla ya kulaumu gemu au mkono, angalia skrini. Televisheni isiyowekwa kwenye hali ya michezo huchelewesha picha, na ukizoea mdundo wa nyumbani kisha ukaenda kucheza kwenye skrini nyingine, kila kitu kitavurugika. Gemu ina chaguo la kupunguza ucheleweshaji wa amri. Kama mashine yako inaliruhusu, liwashe kabla ya kuanza mazoezi, si katikati ya wiki ya pili, kwa sababu utakuwa umeshazoea mdundo tofauti.

Hatua ya mwisho kabla ya kuipeleka kombo kwenye mechi za ranki, zile za kupanda daraja: mweke mpinzani bandia akinge kwa bahati nasibu. Sasa kazi yako ni kutoa mapigo mawili ya kwanza, kuona kama yamegonga au yamekingwa, na kuendelea pale tu yalipogonga. Yakikingwa, simama. Kombo nyingi zilizokuwa zinakubali mara kumi kati ya kumi zitashuka hadi nne hapa, na pigo linalokatika litakuwa la tatu, lile linalotoka baada ya uamuzi. Gemu inakuruhusu kusubiri mechi ukiwa ndani ya chumba cha mazoezi, kwa hiyo dakika hizo za kusubiri zitumie kwa zoezi hili tu.